Ufunguo wa PlayStation

Siku tatu nzima nilikaa mbele ya kompyuta kuukuu ya steshenari ninakofanya kazi, nikitazama sentensi moja tu iliyonijia kila nilipobonyeza. Ilisema kwamba faili la bayosi halikupatikana. Ndugu msomaji, najua kurasa hizi ni za waandishi chipukizi na si za mafundi kompyuta. Lakini nivumilie kidogo. Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya niitoe uvunguni riwaya yangu niliyokuwa nimeitupa huko, na nataka nikueleze ilivyokuwa.

Nianze na mjomba. Nilipokuwa darasa la pili, mjomba wangu alikuwa na kibanda cha gemu pale Ngamiani, Tanga. Ndani mlikuwa na PlayStation mbili za kijivu, televisheni mbili zenye matumbo makubwa nyuma, na mabenchi. Mashine zenyewe zilikuwa zimeshachoka. Lenzi ilikuwa haisomi vizuri, kwa hiyo moja tuliichezesha imegeuzwa, tumbo juu mgongo chini, na ikifanya hivyo ilisoma kama mpya. Kila ilipowashwa skrini iligeuka nyeupe, ikatokea alama ya Sony ya rangi ya machungwa pamoja na mlio mzito, kama ngurumo inayotokea baharini. Hapo watoto wote kimya. Skrini ikigeuka nyeusi na kuonyesha ile herufi P iliyosimama juu ya S, maana yake diski imesomeka, kelele kibanda kizima. Ikituletea menyu ya kadi ya kumbukumbu, basi tena, mjomba anatoa diski na kuifutia kwenye shati.

Kibanda kilifungwa zamani. Mwaka jana nikawa na hamu ya kucheza tena moja ya gemu zile, na diski yake mjomba bado anayo. Mshikaji mmoja akaniambia, siku hizi huhitaji mashine, kuna programu inayoitwa emuleta. Emuleta ni programu inayoifanya kompyuta ijifanye mashine nyingine. Gemu inadhani iko ndani ya PlayStation, kumbe iko ndani ya kompyuta ya kuchapia barua za maombi ya kazi. Nikaiweka, nikatia diski, ndipo ikanijia ile sentensi.

Bayosi ni nini? Chukulia mashine iliyozimwa. Haina habari yoyote, haijui hata kwamba ina kiendesha diski. Unapoiwasha, kitu cha kwanza ambacho ubongo wake unasoma ni maandishi yaliyofungiwa ndani ya chipu moja ndogo tangu kiwandani. Maandishi hayo ndiyo yanayoiamsha. Yanaangalia kumbukumbu, yanaonyesha alama na kupiga mlio, yanakagua diski, halafu yanaikabidhi kazi gemu. Hata gemu ikishaanza, bado huyaomba msaada, kwa mfano kusoma padi au kuandika kwenye kadi ya kumbukumbu. Katika PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani tarehe 3 Desemba 1994 na Marekani Septemba 1995, maandishi hayo yote yana ukubwa wa kilobaiti 512. Ni baiti 524,288 kamili. Picha moja ya simu ya leo huzidi hapo mara nyingi.

Mshikaji akaniletea faili kwenye flashi. La kwanza halikufanya kazi. Nilipolipima nikakuta halifiki hizo baiti, limekatika njiani. La pili liliwaka, lakini menyu ikaja kwa herufi za Kijapani. Hapo nikajifunza kwamba kila eneo la dunia lilikuwa na bayosi yake. Emuleta nyingi hutaka faili lenye jina maalumu. Kwa mfano scph5500 ni la Japani, scph5501 la Marekani, scph5502 la Ulaya. Liwe kwenye folda yake, na kwenye kompyuta nyingine hata herufi kubwa na ndogo zina maana. Tena usiliamini jina peke yake, maana jina mtu yeyote hulibadili. Kuna hesabu inayofanywa juu ya faili zima na kutoa alama 32, na ukibadilisha baiti moja tu, alama zote zinavurugika. Hiyo ndiyo alama ya kidole ya faili.

Lakini swali lililonikaa kichwani lilikuwa jingine kabisa. Kwa nini wale walioandika emuleta, watu werefu hivyo, hawakulitia faili humo humo tukaepuka shida zote hizi? Jibu ni kwamba faili lile si lao. Waliliandika watu wa Sony, na ni mali ya Sony mpaka leo. Emuleta ni kazi ya mikono ya walioiandika. Bayosi ni ya mwenyewe. Ndipo nikaanza kusoma historia, na sikutarajia itanigusa.

Kisa kinaanza mbali na PlayStation. Tarehe 12 Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta yake ndogo, ile iliyokuja kuwa babu wa kompyuta zilizojaa maofisini. Karibu kila kipande ndani yake kilikuwa cha kununuliwa sokoni. Kitu kimoja kilichokuwa cha IBM kwelikweli ni bayosi. Na IBM hawakuificha! Waliyachapa maandishi yote ya bayosi katika kitabu chao cha ufundi, kila mtu asome. Sasa hapo palikuwa na mtego. Ukishakisoma kitabu kile, halafu ukaandika bayosi inayofanana, utaapaje mahakamani kwamba hukunakili?

Mwaka 1982, Rod Canion, Jim Harris na Bill Murto walianzisha kampuni ya Compaq huko Houston, jimbo la Texas. Walitaka kutengeneza kompyuta ya kubebeka itakayoendesha programu zote za IBM. Wakapata njia ambayo mimi naiita njia ya vyumba viwili. Katika chumba cha kwanza walikaa watu waliosoma maandishi ya IBM. Hao hawakuruhusiwa kuandika hata mstari mmoja wa bayosi mpya. Kazi yao ilikuwa kueleza kila kipengele kinafanya nini: kikipewa hiki, kinarudisha kile. Maelezo hayo yakapelekwa chumba cha pili, kwa watu ambao hawajawahi kuyaona maandishi ya IBM hata kwa mbali. Hao ndio walioandika. Kompyuta ya Compaq ilitangazwa Novemba 1982 na kuanza kuuzwa 1983. Mwaka 1984 kampuni nyingine, Phoenix, ilifanya kazi kwa njia hiyohiyo, halafu ikaiuza bayosi yake kwa yeyote anayetaka kutengeneza kompyuta. Mlango ukafunguka, na bei zikaanza kushuka. Hata hiki kisanduku ninachochapia barua za watu ni kitukuu cha vyumba vile viwili.

Niliposoma hapo nikafurahi, halafu furaha ikaniishia.

Ngoja nieleze. Nilipomaliza kidato cha nne sikuchaguliwa kuendelea. Nikasema basi, nitakuwa mwandishi. Nikaazima kwa mzee mmoja jirani riwaya ya kipelelezi, nakala iliyochakaa isiyo na jalada, akanipa wiki mbili nimrudishie. Nilivyoipenda sikuweza kuiacha iende hivihivi. Nikanunua daftari kubwa la kaunta, nikainakili kwa mkono, sura baada ya sura, usiku, mpaka kidole kikafanya sugu. Nia yangu ilikuwa kujifunza, nani wa kunifundisha mwingine? Baadaye nikaandika ya kwangu. Miezi minane. Nikampa dada mmoja wa kikundi chetu cha waandishi, msomaji mkali kweli. Aliirudisha baada ya siku nne akasema, "Mdogo wangu, sura ya pili nimeshaisoma mahali. Na ya tano pia."

Nikabisha. Nikaenda nyumbani, nikafungua daftari la kaunta. Kumbe kweli. Si kwamba niliiba kwa makusudi. Sentensi za yule mzee wa zamani zilikuwa zimeniingia mkononi, na mkono ukazitoa wenyewe, mvua yake, sigara yake, mpaka namna shujaa wake anavyofunga mlango. Nikaona aibu ambayo siwezi kuieleza. Riwaya ikaenda uvunguni.

Sasa unaona kwa nini Compaq waliniumiza. Kwa njia ya vyumba viwili, mimi nilikuwa mtu wa chumba cha kwanza, mtu aliyekwisha ona. Nikajiambia, mwandishi atapata wapi chumba cha pili? Mtu ambaye hajasoma riwaya hawezi kuandika riwaya. Na akishasoma, amekwisha "kuchafuka". Kama hiyo ndiyo njia pekee ya uaminifu, basi sisi sote tufunge madaftari.

Bahati nzuri sikuishia hapo. Nikafika mwaka 1998, na kampuni ndogo ya San Mateo, California, iliyoitwa Connectix. Kuanzia kiangazi cha mwaka ule, wahandisi wake walikuwa wakitengeneza emuleta ya PlayStation kwa ajili ya kompyuta za Apple. Mmoja wao, Aaron Giles, mwanzoni alichukua bayosi ya Sony kutoka kwenye intaneti ili ajaribie chombo chake cha kuchambulia programu. Halafu wakagundua, bwana wee, kwamba ni ya Kijapani! Niliposoma hilo nilicheka peke yangu steshenarini hadi mteja akanishangaa. Wakaitupa, wakafungua PlayStation yao wenyewe waliyoinunua, wakatoa nakala kwenye chipu yake.

Angalia tofauti yao na Compaq. Hawa hawakuwa na vyumba viwili. Watu walewale walioisoma bayosi ya Sony ndio walioandika ya kwao. Kwanza waliifanya emuleta iige vyuma vya mashine, huku wakiiendesha kwa bayosi ya Sony. Kila walipowasha kompyuta asubuhi, bayosi ile ilinakiliwa tena kwenye kumbukumbu. Kisha kidogokidogo wakaanza kung'oa kila kazi ya bayosi na kuweka maandishi yao mahali pake. Katika kazi 242 za bayosi ya Sony, waliandika za kwao 137, zile walizozihitaji. Siku programu ilipokamilika, ndani yake hamkuwa na mstari wa Sony hata mmoja. Waliiita Virtual Game Station, wakaitangaza kwenye maonyesho ya Macworld, San Francisco, mapema Januari 1999. Bei yake ilikuwa dola 49.

Mwezi huohuo Sony wakaenda mahakamani. Hoja yao haikuwa kwamba bidhaa ina maandishi yao, maana haina. Walisema: ili kufika hapo, mlinakili mali yetu mara nyingi ajabu. Aprili 1999 jaji wa mahakama ya chini akakubaliana nao, akaamuru programu isiuzwe na Connectix wasiitumie tena bayosi ya Sony. Kwa bahati ya kalenda tu, mwaka huohuo 1999 ndio Bunge letu lilipopitisha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, ambayo ndiyo inayokulinda wewe mwenye shairi lako.

Connectix wakakata rufani katika Mahakama ya Rufani ya Mzunguko wa Tisa. Mahakama hiyo ilikuwa imeshakutana na jambo kama hili mwaka 1992, katika kesi ya Sega na Accolade, kampuni iliyochambua gemu za Sega ili ijue namna ya kutengeneza zake zitakazokubalika kwenye mashine ileile. Tarehe 10 Februari 2000 hukumu ikatoka, imeandikwa na Jaji William Canby, na Connectix wakashinda.

Nimeisoma hukumu ile kwa kamusi, mara tatu, na nitaieleza kwa maneno yangu. Jaji alianza kwa kutofautisha vitu viwili. Kuna maandishi yenyewe, yaani namna mtu alivyoyapanga. Hayo yana mwenyewe. Na kuna kazi ambayo maandishi yale yanafanya. Hiyo ni wazo, na wazo halimilikiwi kwa hakimiliki. Tatizo la programu ni kwamba wazo limefungiwa ndani ya chipu, macho hayalioni. Huwezi kulifikia bila kwanza kunakili maandishi. Basi kunakili kwa ajili ya kufika kwenye wazo, halafu ukaandika kitu chako kipya, ni matumizi ya haki. Sony walihesabu ni mara ngapi Connectix walinakili wakiwa kazini. Mahakama ikasema hesabu hiyo haiwezi kuamua kesi. Mhandisi asilazimishwe kufuata njia ndefu zaidi ya kazi ili tu nakala zipungue. Na kuhusu hasara ya Sony, ikasema ni kawaida kwa kampuni kutaka iwe peke yake katika kuuza mashine za kuchezea gemu zake, lakini hakimiliki haitoi upweke wa namna hiyo. Oktoba 2000 Mahakama Kuu ya Marekani ikakataa kuisikiliza rufani ya Sony.

Ndugu msomaji, usiielewe vibaya hukumu hii. Haikusema bayosi ya Sony ni ya bure. Haikusema nichukue faili kwenye flashi ya mshikaji. Ingelikutwa mistari ya Sony ndani ya Virtual Game Station, kesi ingekuwa nyingine kabisa. Ilisema tu kwamba kusoma kwa kina, hata kusoma kwa kunakili, si wizi, ikiwa mwishoni kazi unayoitoa mlangoni ni ya mkono wako. Mahali pa kumpima mtu ni pale mlangoni.

Wala haki haikujaza tumbo la mshindi. Kulikuwa na emuleta nyingine ya mwaka 1999, Bleem, iliyoundwa na Randy Linden na David Herpolsheimer. Nayo Sony waliishtaki, nayo ikapata ushindi kwenye rufani mwaka 2000, lakini gharama za kesi ziliimaliza. Ilifunga milango Novemba 2001. Connectix wao walipatana na Sony mwaka 2001, Sony wakainunua Virtual Game Station, na mwaka huohuo ikaondolewa sokoni. Ukimshinda tajiri mahakamani, bado ana fedha za kununua uwanja.

Lakini sikiliza mwisho wake. Tarehe 3 Desemba 2018, miaka 24 kamili tangu PlayStation ya kwanza, Sony walitoa kimashine kidogo cha ukumbusho, PlayStation Classic, chenye gemu 20 za zamani. Ndani yake, gemu zile ziliendeshwa na nini? Na PCSX ReARMed, emuleta iliyoandikwa na watu wa kujitolea na kutolewa kwa leseni huria. Mwenye nyumba akarudi kubisha hodi kwa wapangaji aombe ufunguo!

Na mimi? Nililifuta faili la mshikaji. Sikufanya hivyo kwa utakatifu, ndugu yangu. Mwandishi anayelia kwamba vitabu vyetu vinatolewa kopi mitaani hawezi kukaa usiku na faili la namna hiyo na kujiona msafi. Nilikwenda kwa mjomba nikaikuta PlayStation yake moja stoo, chini ya magunia, na chipu imo. Bayosi ile mjomba aliilipia. Kuna njia ya kuitoa kwa waya unaounganisha mashine na kompyuta, lakini waya huo sijaupata. Kwa sasa natumia OpenBIOS, bayosi iliyoandikwa upya na watu wa kujitolea, inayogawiwa bure kwa idhini ya walioiandika. Gemu ya mjomba ikafunguka. Nikacheza hadi saa saba usiku.

Kitu kimoja tu hakikuwapo. Skrini nyeupe haikuja, na ule mlio wa ngurumo haukuja. Mlio ule ni wa Sony, nao wenye OpenBIOS hawana ruhusa ya kuuchukua. Kazi ya bayosi ile waliweza kuiandika upya, lakini sauti ya utoto wangu ilibaki kwa mwenyewe. Nilisikitika kidogo, halafu nikaelewa kwamba ndivyo inavyopaswa kuwa. Kile kinachokufanya umtambue mtu kwa mlio mmoja, hicho ndicho chake. Hicho usikiguse.

Basi nikaitoa riwaya uvunguni. Nikachukua sura ya pili, na kwenye karatasi nyingine nikaandika kwa ufupi tu sura hiyo inatakiwa kufanya kazi gani: hapa shujaa agundue kuwa rafiki yake anamdanganya, hapa msomaji aogope, hapa pachelewe kidogo. Yalitoka maelezo kumi na moja. Daftari la kaunta nikampelekea dada yule wa kikundi akae nalo, nisilione. Nikangoja wiki tatu. Kisha nikaandika sura upya kwa yale maelezo kumi na moja, na mvua ya yule mzee haikurudi. Lilikuja jua la Tanga saa nane mchana, na mlango uliofungwa ulikuwa mlango wa kibanda cha gemu.

Dada ameshaisoma. Hakuisifu sana. Alisema sentensi ni ndefu na shujaa anaongea kama karani. Nikamwuliza, lakini umeshaisoma mahali? Akafikiri, akasema, "Hapana. Hii sijaisoma popote."

Imebaki sura ya tano.